Sura ya Tano: Betri ya Mota na Betri ya Jicho

Mtu anayerithi kamera ya Super 8 kwa kawaida huhangaikia filamu kwanza. Anadhani haipo tena. Filamu ipo: Kodak, walioanzisha mfumo huu mwaka 1965, bado wanaitengeneza, na kaseti ya futi 50 unaweza kuiagiza leo, ingawa bei yake itakufanya ufikirie kila sekunde unayopiga. Kinachowaangusha wengi ni betri. Wanafungua kifuniko, wanakuta nafasi za betri ndogo kama zile za saa ya ukutani, wanaweka zinazopatikana dukani, mota inaunguruma, wanafurahi. Wiki kadhaa baadaye filamu inarudi kutoka maabara, picha zote giza, na lawama zinaiangukia kamera.

Kamera haina kosa. Kabla ya kununua betri yoyote, jiulize inakwenda kumtumikia nani ndani ya kamera. Kuna mota, inayovuta filamu na kuzungusha shata. Na kuna jicho la umeme, yaani kipima mwanga, kinachoamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani. Mota inataka nguvu. Jicho linataka volteji isiyobadilika. Betri inayoifaa mota inaweza kulidanganya jicho, na ndiyo maana kuingia kwenye nafasi yake hakutoshi kuifanya betri iwe sahihi.

Kamera za mwanzo hazikuwa na shida hii. Bolex H16 ya Uswisi, iliyoingia sokoni mwaka 1935, inaendeshwa kwa springi unayoijaza kwa mkono. Kamera ya nyumbani iliyopata kujulikana kuliko zote, Bell & Howell Zoomatic ambayo Abraham Zapruder aliishika Dallas tarehe 22 Novemba 1963 siku Rais Kennedy alipouawa, nayo ilikuwa ya springi. Wachunguzi wa FBI waliipima baadaye wakakuta inapiga wastani wa picha 18.3 kwa sekunde. Kwa tarakimu hiyo moja, picha 486 za filamu yake ziligeuka kuwa saa: wangeweza kuhesabu muda uliopita kati ya tukio moja na jingine. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba kasi ya mota ni sehemu ya ushahidi uliomo ndani ya filamu. Kamera ikipiga polepole kuliko inavyopaswa, watu watakimbia kwenye skrini. Mama mzee anayetembea kwa utulivu siku ya harusi ya mwanawe ataonekana akichapuka kama anafukuzwa.

Super 8 ilipokuja, watengenezaji karibu wote waliachana na springi na kuweka mota ya umeme. Kamera ndogo huridhika na betri mbili au nne za AA. Zile kubwa, kama Nizo 801 ya Ujerumani au Canon 1014XL-S ya Japani, hula sita. Sita zikipangwa mfululizo hutoa volti 9, na hapo ndipo uchaguzi wa kwanza unapoanza.

Betri za bei ndogo zilizojaa kwenye maduka yetu, zile ambazo tochi na redio zimezitegemea kwa miongo mingi, nyingi ni za zinki na kaboni. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, hadi kilipofungwa mwaka 2014, kiliilisha Afrika Mashariki betri za namna hiyo. Kwa redio zinafaa, kwa kuwa redio hunywa umeme kidogo kidogo. Mota ya kamera huvuta mkondo mkubwa mara tu unapobonyeza kitufe, na ukinzani wa ndani wa betri hizo huifanya volteji iporomoke papo hapo. Ukizipima zikiwa zimetulia utaona ziko sawa. Ukizipima mota ikizunguka utaona ukweli wake. Usizitumie kwenye kamera, hata kwa majaribio. Zaidi ya udhaifu huo, zinki yake ndiyo gamba la betri lenyewe, na kadiri inavyoliwa gamba hutoboka na kuvuja.

Alkalini ndizo ambazo wahandisi wa kamera nyingi za miaka ya 1970 walizifikiria walipoandika kitabu cha maelekezo. Zinaanza na volti 1.5 na ushei, zinahimili mkondo wa mota, na zinapatikana kila mahali. Nunua za kampuni inayojulikana, angalia tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake, na nunua seti nzima kwa mara moja. Kuchanganya nzima na iliyochoka ni kosa kubwa: ile dhaifu huisha mapema, wenzake huendelea kuilazimisha mkondo upite ndani yake, polariti yake hugeuka, na kuvuja kunafuata.

Kuna wanaopendelea betri za kuchaji za nikeli, na mimi ni mmoja wao pale kamera inapokubali. Karatasi ya maelezo yake inaonyesha volti 1.2 tu, hivyo sita zinatoa 7.2 badala ya 9, na watu wengi huziacha kwa sababu hiyo. Lakini ukinzani wake wa ndani ni mdogo. Alkalini iliyotumika nusu hushuka na kufikia pale pale, huku ya nikeli ikishikilia kiwango chake karibu mpaka mwisho. Kamera yenye kidhibiti cha kielektroniki cha kasi haitaona tofauti. Ile ya bei nafuu isiyo na kidhibiti inaweza kwenda polepole, na utaisikia: sauti ya mota inakuwa nzito. Tafuta zile zisizopoteza chaji zikikaa bure, kama Eneloop zilizoanza kuuzwa na Sanyo mwaka 2005. Za nikeli za kizazi cha kabla yake zilikuwa zikipungukiwa zenyewe kabatini, na joto letu la pwani huharakisha jambo hilo.

Lithiamu za kutupa, zenye umbo la AA, ni nyepesi na hazishindwi na baridi. Ukipanda Kilimanjaro na kamera yako, hizo ndizo za kubeba, kwani alkalini hulegea sana kwenye barafu. Tahadhari yake ni kwamba zikiwa mpya, kabla ya kubebeshwa mzigo, kila moja husoma karibu volti 1.8. Sita zinakaribia 11. Kamera nyingi huvumilia, ila kitabu cha maelekezo kikikataza, tii.

Kuna aina moja ambayo nakusihi usiiweke kabisa. Sokoni kuna betri za kuchaji za lithiamu-ayoni zinazoitwa 14500. Umbo lake ni lile lile la AA na zinaingia bila kulazimishwa. Kila moja ina volti 3.7, na ikijaa hufikia 4.2. Sita kati ya hizo zitaipa kamera ya volti 9 umeme wa volti 25, na saketi iliyodumu miaka 50 itaungua kwa sekunde moja. Muuzaji wa betri za tochi hatakuonya, maana kwake ni betri tu. Soma namba wewe mwenyewe.

Sasa jicho, na hapa ndipo penye hasara nyingi.

Fungua Nizo 801 na utakuta, mbali na zile AA sita, nafasi ya betri mbili za vidonge. Hizo hazigusi mota. Kazi yake ni kipima mwanga peke yake, na kitabu cha maelekezo kinataka aina ya 625, yenye upana wa karibu milimita 16 na volti 1.35. Canon Auto Zoom 814 nayo ilitegemea vidonge vya aina hiyo, na ndivyo ilivyokuwa kwa kamera nyingi za sinema na za picha za kawaida za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Zilikuwa betri za zebaki.

Aliyezibuni ni Mmarekani Samuel Ruben, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Marekani lilikuwa na tatizo: betri za redio za zinki na kaboni ziliharibika upesi kwenye joto na unyevu wa nchi za tropiki. Ruben alitumia zinki upande mmoja na oksidi ya zebaki upande wa pili, akapata betri ndogo iliyostahimili joto. Kampuni ya Mallory, ambayo baadaye ikawa Duracell, ilizitengeneza. Vita vilipokwisha, vidonge hivyo vikaingia kwenye vifaa vya kusaidia kusikia, kwenye saa, na kwenye kamera.

Sifa iliyowavutia wahandisi wa kamera ni hii: betri ya zebaki hutoa volti 1.35 tangu siku ya kwanza hadi karibu siku ya mwisho, kisha huanguka kwa ghafla. Haishuki polepole. Kwa hiyo waliweza kujenga kipima mwanga chepesi na cha bei nafuu bila kuweka kidhibiti cha volteji ndani yake. Betri yenyewe ilikuwa ndiyo kidhibiti. Mwanga ukiangukia kwenye kipande cha kadimi salfaidi, ukinzani wake hupungua, mkondo huongezeka, sindano husogea, na tundu la lenzi hujibana. Hesabu yote hiyo imesimama juu ya volti 1.35.

Weka betri ya volti 1.5 mahali hapo na mkondo utakuwa mkubwa kuliko mwanga uliopo. Jicho litaamini kwamba jua ni kali kuliko lilivyo, litabana lenzi kupita kiasi, na filamu itapata mwanga pungufu. Ukubwa wa kosa hutegemea saketi: kwenye baadhi ya kamera halionekani, kwenye nyingine linafika nusu stopu au zaidi. Hizo ndizo zile picha za giza nilizozitaja mwanzoni.

Betri za zebaki hazirudi, na ni vyema zisirudi. Zebaki iliyotupwa jalalani huingia kwenye maji, na kutoka kwenye maji huingia kwenye samaki. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vidonge vya oksidi ya zebaki kwa sheria ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata muda mfupi baadaye. Uamuzi wa kuanza mazungumzo ya mkataba wa dunia nzima ulipitishwa Nairobi, Februari 2009, katika kikao cha Baraza la Uongozi la UNEP. Mkataba wenyewe, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulipewa jina la Minamata, mji ambao wakazi wake waliteketea kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali. Ukikuta kidonge cha zamani ndani ya kamera ya babu, usikitoboe, usikichome, usikiache watoto wakichezee. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki na ukipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Mbadala upo, tena zaidi ya mmoja, lakini si ule ambao muuza betri za saa atakupa kwanza.

Yeye atakupa 625A, kidonge cha alkalini chenye umbo lile lile. Kinaingia vizuri kabisa. Kinaanza juu ya volti 1.5, kinashuka kidogo kidogo kila siku, kinapita 1.35 njiani na kuendelea kushuka. Mwanzoni filamu inakosa mwanga, katikati kuna siku chache za ukweli, mwishoni filamu inazidishiwa mwanga. Kutumia alkalini hapa ni sawa na fundi cherehani kupima nguo kwa futi inayofupika kila wiki. Hata ukijifunza kosa lake leo, mwezi ujao litakuwa kosa jingine.

Mbadala wa karibu zaidi na zebaki ni betri ya zinki-hewa. Ipo iliyotengenezwa mahsusi kwa kamera za zamani, Wein Cell MRB625, yenye volti 1.35. Na ipo ya bei rahisi zaidi: kidonge namba 675 kinachotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia, chenye volti 1.4, karibu sana na kipimo kinachotakiwa. Kidonge cha 675 ni chembamba, milimita 11.6 dhidi ya 16, kwa hiyo kinahitaji pete ya kukishika katikati. Fundi saa anaweza kukutengenezea pete ya shaba au ya plastiki kwa muda mfupi. Ikiwa ya chuma, hakikisha inagusa upande mmoja tu wa betri, la sivyo utaiunganisha ncha na ncha. Betri hii hupumua. Ina matundu madogo yaliyofunikwa kwa kibandiko, na ukishabandua inaanza kufanya kazi na kuzeeka kwa wakati mmoja. Baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache imekwisha, uwe umepiga filamu au hukupiga. Usizibe matundu yale kwa gundi au kwa pete iliyobana mno. Baada ya kubandua, isubiri dakika chache kabla ya kuiweka.

Njia ya pili ni oksidi ya fedha, zile SR43 na SR44 za saa na kalkuleta. Zina volti 1.55, juu mno, lakini zinashikilia kiwango hicho bila kuyumba, kama zebaki ilivyoshikilia chake. Kinachotakiwa ni kuipunguza kwa volti 0.2 tu. Wajapani walitengeneza kwa ajili hiyo kikombe kidogo chenye dayodi ndani yake, MR-9: kwa nje kina umbo la 625, ndani kinapokea SR43, na dayodi inapunguza volteji hadi karibu na 1.35. Kamera inayotaka vidonge viwili inataka vikombe viwili, na bei yake si ndogo. Fundi wa elektroniki mwenye mkono mtulivu anaweza pia kuunganisha dayodi ya Schottky moja kwa moja kwenye waya wa kipima mwanga, na hapo hutahitaji kikombe tena.

Uamuzi wangu ni huu. Ukitaka kupiga kaseti chache za likizo moja, nunua 675 na pete. Ukitaka kuitumia kamera kwa miaka, nenda kwenye oksidi ya fedha na dayodi. Na ikiwa kamera yako inakuruhusu kuweka tundu la lenzi kwa mkono, unaweza kuviacha vidonge kabisa, ukapima mwanga kwa programu ya simu na kugeuza gurudumu mwenyewe. Wapigaji wengi wazuri hufanya hivyo. Kumbuka tu kwamba filamu za negativu za leo huvumilia mwanga ukizidi kuliko ukipungua; ukisitasita kati ya namba mbili, chagua ile inayofungua zaidi. Kwa filamu ya chanya kama Ektachrome ushauri huo hauhusiki: hiyo haivumilii sana upande wowote.

Kamera za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilipunguza usumbufu huu. Canon 1014XL-S, ya mwaka 1979, huchukua umeme wa kipima mwanga kutoka kwenye AA zile zile za mota, na saketi yake inausawazisha yenyewe. Ukiwa bado unatafuta kamera ya kununua, hiyo ni sababu tosha ya kuchagua za kipindi hicho.

Beaulieu ya Ufaransa ina njia yake. Modeli ya 4008 hutumia betri maalumu ya kuchaji ya nikeli-kadimi, volti 3.6, na zile za asili zimekufa karibu zote. Usinunue ya zamani kwa matumaini. Ndani ya gamba lake mna seli za volti 1.2, na fundi anaweza kuzitoa na kuweka mpya za nikeli, tatu, kwa kulehemu vibati. Asiweke lithiamu, kwa kuwa chaja ya asili haikuundwa kwa ajili yake na hatari ya moto ni ya kweli.

Vipi ukifungua kifuniko na kukuta unga mweupe? Huo ni mvujo wa alkalini uliokauka. Chovya pamba kwenye siki au ndimu, futa taratibu, kisha futa tena kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Betri ya zinki na kaboni iliyovuja huacha tindikali, na hiyo husafishwa kwa magadi yaliyoyeyushwa kidogo. Kijani au bluu kwenye vibati ni kutu ya shaba. Isugue kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Usiishie kwenye kinachoonekana. Mvujo hutambaa ndani ya waya, chini ya plastiki yake, na kamera isiyowaka baada ya kusafishwa mara nyingi inahitaji waya mpya wa sentimita chache tu. Wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja wana adui wa ziada, hewa ya chumvi, na vibati vyao vinahitaji kuangaliwa kila mara kamera inapotoka kabatini.

Jaribio la mwisho lifanyike kabla ya filamu kuingia. Pima kila betri kwa mita. Endesha mota bila kaseti na usikilize: sauti iwe ya namna moja kuanzia mwanzo. Halafu elekeza lenzi kwenye ukuta uliopigwa na jua, soma namba ya kipima mwanga, na uilinganishe na simu. Jambo moja huwapotosha hata wazoefu hapa. Kamera ya Super 8 hutambua kasi ya filamu kwa vijino vilivyokatwa kwenye kaseti, hivyo ikiwa tupu inaweza kudhani filamu tofauti na utakayotumia. Fanya ulinganisho ukiwa na kaseti kuukuu ndani, ya kasi ile ile. Omba moja kwa mtu aliyekwisha kuitumia.

Na ukimaliza kupiga, toa betri zote, za mota na za jicho, kabla hujairudisha kamera kabatini. Usiseme utaitumia tena Jumapili. Kamera nyingi nzuri zimeharibika kwa sababu ya Jumapili ambayo haikufika kwa miaka 20.